Hati ya Mguu wa Kushoto

Kamera ya geti la tatu ilimwonyesha mlinzi Kiprono akitoka na mkoba mwekundu begani, mnene kama gunia la mahindi, saa kumi na dakika ishirini jioni, Ijumaa tarehe kumi na saba Januari 2014. Winfred Ndunge alikuwa ameitazama picha hiyo mara sita, na mara zote sita kulikuwa na jambo moja lililomkera. Alipofika chini ya kamera, Kiprono aliinua uso, akatabasamu na kuipungia mkono.

"Mwizi gani anasalimia kamera?" Winfred aliuliza.

"Mwizi mwenye dharau," alijibu Faris, akazima kompyuta.

Faris alikuwa Mjordani, meneja wa Rimal Wings, kampuni ndogo ya kukodisha ndege yenye hanga moja kwenye uwanja wa zamani wa Doha. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa. Leo ilikuwa Alhamisi, katikati ya Mei. Jumatatu wangekuja wanunuzi kutoka Nepal kuikagua ndege yake ya mapangaboi mawili, na ndege hiyo ilikosa hati ya mguu wa kushoto. Karatasi hiyo, ile ya asili yenye mhuri wa wino, ndiyo iliyothibitisha kwamba mguu unaoshika magurudumu ya kushoto uliwahi kufunguliwa wote, ukakaguliwa na kufungwa upya na watu wanaoijua kazi. Kwa miaka mitatu ya kuruka hapa Ghuba, nakala ilitosha. Kwa kuuza haikutosha. Bila karatasi ile, mguu mzima ulihesabiwa kuwa chuma chakavu.

"Masanduku sitini na matatu ya karatasi yalikuja na hii ndege kutoka Kanada," Faris alisema. "Tumeyafungua yote. Haimo. Na mtu pekee aliyetoka hapa na mzigo ni mlinzi wako. Nimeshamkatia tiketi ya kwao ya Jumamosi, ya kwenda tu. Nipe ripoti leo, saa kumi na moja jioni. Khalas."

Alisema "mlinzi wako" kwa sababu Kiprono aliajiriwa na Hirasa, kampuni ya ulinzi iliyomkodisha kwa Rimal, na Winfred ndiye aliyekuwa mpelelezi wa Hirasa. Kabla ya hapo alikuwa koplo wa upelelezi Machakos kwa miaka minane, na watu wa Machakos wanaoiba mbuzi wanaweza kukusimulia habari zake. Ripoti yake ikisema Kiprono ni mwizi, Kiprono angefutiwa viza na kupigwa marufuku kurudi. Ikisema si mwizi, ilibidi pia iseme karatasi iko wapi.

Kiprono alikuwa amekalishwa kwenye chumba cha chai, kofia mapajani, mrefu kuliko kiti alichopewa. Alisimama Winfred alipoingia.

"Kaa, Kip. Ule mkoba ni wa nini?"

"Ulikuwa wa hiyo ndege, madam. Ulikuwa kule nyuma kwa mizigo, na mablanketi ndani. Injinia alisema huku hakuna baridi, ni uzito wa bure. Akaniambia nitupe, akanisainia getipasi, ile karatasi ya kutolea vitu."

"Getipasi nimeiona. Imeandikwa taka. Ukatupa wapi?"

"Kwa pipa. Lile kubwa la kijani, hapo nje."

Winfred alifungua kitabu cha geti na kukigeuza upande wa Kiprono. "Soma hapa. Ni mwandiko wako, na ni mzuri, nakupa pongezi. Alhamisi ya tarehe kumi na sita pipa lilibebwa kwenda kuoshwa. Lilirudi Jumamosi. Sasa Ijumaa ulitupa wapi, hewani?"

Kiprono aliitazama kofia yake.

"Kwenu ni wapi?"

"Londiani, madam."

"Londiani." Winfred aliwahi kufuatilia ng'ombe walioibwa mpaka Londiani, na huko alilala na koti, soksi na viatu vyake. "Kwa hivyo mtu wa Londiani amepewa mablanketi ya bure, akayatupa."

"Madam, mimi sijaiba karatasi ya mtu. Hiyo naapa na mama yangu."

"Sijakuuliza karatasi. Nimekuuliza mkoba."

Kiprono aliigeuza kofia ndani nje. Winfred alimwelewa vizuri kuliko alivyotaka kuonyesha. Kila mlinzi wa Hirasa huwekewa mbele karatasi ya masharti siku ya kwanza, na sharti la kumi na moja linasema kitu cha mteja kikienda takataka, ukikichukua umeiba. Ila aliandika jambo moja kwenye daftari: kuhusu karatasi mtu huyu ameapa bila kuulizwa, kuhusu mkoba hakuapa hata alipoulizwa. Mtu anayeogopa kuapa uongo mara nyingi ameshika ukweli upande mmoja.

Katika kitabu hichohicho Faris alikuwa amezungushia jina kwa kalamu nyekundu. Wesley, dereva, gari jeupe aina ya van, mara kumi na moja tangu Desemba, kila mara kumwona Kiprono. Faris alikuwa na hakika kwamba huyo ni kachero wa dalali fulani aliyetaka kuinunua ndege kwa bei ya vyuma. Winfred alipiga nambari iliyoandikwa pembeni.

"Sista, dalali gani tena?" Wesley alicheka. "Mimi ni wa kargo. Ofisi yetu iko Fereej Bin Mahmoud, nyuma ya duka la Wafilipino. Nazunguka kwa masekyuriti na wasichana wa nyumba, nachukua makatoni, tunaweka kwa kontena ya Mombasa. Kila Mkenya wa hii Doha anatuma kitu home."

"Na Kiprono alituma nini Januari?"

"Aah, hiyo muulize mwenyewe. Mzigo wa kastoma ni kama siri ya daktari."

"Chapati unazokula naye hapo getini pia ni siri?"

"Hizo ni zangu, sista. Yeye huleta chai tu."

Kachero wa Faris aliishia hapo. Winfred alijua sasa, au karibu kujua, mkoba ulikokwenda. Alichokosa ni sababu ya kuujali. Mablanketi hayakuwa karatasi, na Faris hakuwa akiyalilia mablanketi.

Alikwenda chumba cha kumbukumbu, kwa Stacy.

Stacy alikuwa msichana wa Nairobi aliyesomea kompyuta, akaja Doha kuingiza nambari za karatasi kuukuu kwenye mashine. Katika mwaka mmoja na nusu aliyapenda masanduku yale kiasi kwamba aliyazungumzia jinsi mtu anavyozungumzia ukoo alikoolewa, pamoja na aibu zao.

"Hii kampuni ya Kanada ilikuwa inaitwa Nordelac," alimweleza Winfred, akipanguza kiti. "Mume na mke waliianza mwaka wa sabini na nane. Ndege moja tu, na ilikuwa na skii badala ya magurudumu, imagine. Huko pwani yao ya kaskazini barabara haikuwa imefika. So walikuwa wanabeba barua, daktari wa meno, mbwa, maziwa ya unga, machungwa ya Krismasi. Kila kijiji wanatua, wanashuka kunywa kahawa, wanaendelea. Abiria alikuwa anapimwa kwa mizani kama ndizi. Hii yetu waliinunua mpya themanini na tisa. Walikuwa wanaiita Shangazi."

"Kwa nini?"

"Inakuja na zawadi na inalalamika njia nzima. Imeandikwa hapa."

Winfred alicheka bila kutaka. Kisha akaomba faharasa. Stacy alifungua daftari kubwa lenye jalada la kitambaa na kuweka kidole kwenye mstari. Mguu wa kulia, sanduku la arobaini na moja. Mguu wa pua, sanduku la arobaini na moja. Mguu wa kushoto, ukaguzi wa mwisho mwaka 2009, na mahali pa nambari ya sanduku palikuwa na maneno mafupi kwa kalamu: iko na ndege.

"Haya Faris ameyaona?"

"Ameyaona. Mainjinia walitoa hadi viti. Wakaangalia kwa rubani, kwa choo, kwa jiko. Hakuna."

"Wao wa Nordelac waliposema iko na ndege, walimaanisha wapi kwenye ndege? Mtu wa kazi haandiki hivyo kwenye faharasa kama hakuna mahali panapojulikana na wote."

Stacy alifikiri, akauma kalamu, kisha akapanda ngazi na kushusha sanduku la tano. "Hili hakuna mtu hulifungua. Ni jarida lao la wafanyakazi. Harusi, watoto, nani amestaafu. Mimi hulisoma nikila lunch."

Walianza na mwaka 2009 na kurudi nyuma. Winfred hakusoma harusi wala watoto, alitafuta neno mguu. Alilipata katika toleo la Machi 1996, ukurasa wa mbele. Mwezi uliotangulia Shangazi alikwama siku sita katika kijiji kimoja cha theluji. Mguu wa kushoto ulikuwa umevuja mafuta. Fundi aliuziba kwa saa mbili, lakini mkaguzi wa serikali aliyekuwa miongoni mwa abiria alikataa ndege iruke mpaka aone hati ya asili kwa macho yake, na hati ilikuwa ofisini, kilomita mia tano, nyuma ya dhoruba. Watu wa kijiji waliwalisha abiria wote. Bibi harusi aliyekuwa anapelekwa kwa mchumba wake alichoka kungoja, mchumba akaja kwa gari la theluji, wakafunga ndoa katika darasa la shule. Picha ya rangi ilimwonyesha bibi harusi na shela lake, amekaa mbele ya ubao akicheka na kikombe cha kahawa mkononi.

"Amekalia nini huyu?" Winfred aliuliza.

Stacy aliinama. "Ni kama begi. Jekundu."

Winfred alitoa simu yake, alimonakilia picha ya geti, na kuilaza kando ya jarida. Juu ya kioo Kiprono alikuwa akiipungia kamera mkono, na begani mwake ulikuwa mkoba uleule, na mikanda yake ileile mitatu myeusi.

Chini ya habari ile palikuwa na agizo la mkuu wa kumbukumbu, bibi mmoja aitwaye Lucille, kwamba mwenye swali la hati ampigie yeye, na nambari ya simu ya nyumbani, kwa kuwa Nordelac ilikuwa kampuni ya namna hiyo. Saa tisa alasiri ya Doha ni saa mbili asubuhi kwao. Simu iliita mara nne, sauti ikiwa imefunguliwa. Sauti iliyojibu ilikuwa ya kizee na ya haraka, Kiingereza chake kimejaa Kifaransa.

Winfred alijitambulisha, akasema anapiga kutoka Qatar kuhusu Shangazi.

"Bado ananung'unika upande wa kushoto akipanda?" bibi aliuliza.

Stacy, aliyewahi kusafiri nayo mara moja, alisema bado.

"Vizuri," alisema Lucille, na ikasikika akivuta kiti. Alilia kidogo na hakuomba radhi kwa kulia. Winfred alingoja, kisha akauliza kuhusu hati.

"Baada ya siku zile sita niliapa haitatokea tena," Lucille alisema. "Nilijiuliza, mwanangu, kwenye ndege yetu kuna kitu gani ambacho hakishuki kamwe? Vitabu vinashuka, marubani wanashuka. Mkoba wa baridi haushuki. Sheria ya kwetu, ukiruka kaskazini lazima uwe na mifuko ya kulalia na mablanketi, usije ukaanguka mahali watu wakaganda kwa baridi. Hakuna anayethubutu kuugusa. Nikashona mfuko upande wa mgongoni, nikaiweka hati humo ndani ya bahasha ya plastiki ya njano. Mguu wa kushoto tu. Ile mingine haikuwahi kutusumbua."

"Na mlipoiuza ndege?"

"Nilishastaafu. Labda hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Mkoba upo lakini?"

"Tunaufuata," Winfred alisema.

Alikata simu na kukaa kidogo akiutazama mkono wa Kiprono ulioinuliwa. Kitu kisichoshushwa kamwe huko Kanada ndicho kilichoshushwa Doha, na kilitupwa na injinia wa Faris mwenyewe, kwa sahihi yake. Ikawa imebaki nusu saa kufika saa kumi.

Safari hii hakukaa kiti cha mbele ya Kiprono, alikaa kando yake.

"Kip, nisikilize. Getipasi iko na sahihi ya injinia. Umeambiwa utoe, ukatoa. Sharti la kumi na moja niachie mimi, nitalipigania na Hirasa. Lakini karatasi wanayotafuta ilikuwa ndani ya ule mkoba, imeshonewa mgongoni. Wewe hukujua. Sasa ukinyamaza, Jumamosi unaenda nyumbani na jina la mwizi. Ukisema, tunaweza kuipata. Mkoba uko wapi?"

Kiprono aligeuka polepole. "Ilikuwa mle ndani?"

"Mle ndani."

"Wuui." Aliufunika uso kwa kofia. "Madam, mimi niliona blanketi nono vile, ya sufi, kama mpya, naambiwa nitupe. Mamangu analala na magunia juu ya blanketi. Sijaenda nyumbani miaka tatu na nusu. Leave yangu imesukumwa mara mbili. Nikasema kama siwezi kwenda, wacha apate joto. Nikampigia Wesley. Shoka na stovu zilikuwa ndani sikuchukua, niliacha kwa stoo."

"Kwa nini ulipungia kamera?"

"Nilikuwa na furaha tu, madam."

Winfred aliinuka haraka kuliko ilivyohitajika, akasema waende kwa Faris.

Saa kumi na dakika ishirini walikuwa wanne kuzunguka meza ya Faris, Stacy akiwa amekuja bila kuitwa. Winfred alieleza yote kwa mpangilio, getipasi, pipa, faharasa, jarida, Lucille. Faris alisikiliza akiigeuza tasbihi. Winfred alipofika kwenye sahihi ya injinia, tasbihi ilisimama. Kisha simu ikawekwa katikati, sauti ikafunguliwa, na Londiani ikaita.

"Kiprono? Uko mzima? Mbona unapiga mchana?"

"Niko mzima, mama. Ule mkoba mwekundu nilituma ulifika?"

"Si nilikwambia ulifika Machi? Ile mfuko moja ya kulala nimempa nyanya yako, ile ingine ndio naingia kama mahindi kwa gunia. Wamama wa kanisa wamekuja kuangalia. Mungu akubariki."

"Mama, kulikuwa na karatasi ndani?"

"Ile ya Wazungu?"

Winfred alimtafsiria Faris kwa kunong'ona.

"Niliiona nikifua," mama aliendelea. "Kwa plastiki ya njano. Iko na nambari mingi, na sahihi mbili, na mhuri. Mimi sijui ni ya nini, lakini karatasi iko na mhuri haitupwi. Nimeiweka pamoja na title ya shamba, na kadi zenu za kliniki, na cheti cha babako."

Faris aliyaficha macho kwa mkono mmoja. "Alhamdulillah. Mwambieni aipeleke mjini, kwa watu wa vifurushi, leo hii. Nitalipa mimi."

Winfred alijitambulisha kwa mama na kufikisha maneno, akaongeza kwamba hata mtu wa pikipiki anaweza kuipeleka.

"Nani? Mtu wa pikipiki?" Sauti ilipanda. "Mwanangu, hiyo title nimeificha miaka ishirini, hata shemeji zangu hawajui mahali iko. Leo nifungue hapo, nitoe karatasi, nimpatie mtu sijui jina lake? Hapana. Nitapatia Kiprono, kwa mkono, nikimwangalia."

"Apige picha basi," Faris alisema.

"Nakala haitoshi," Winfred alimkumbusha. "Umeniambia mwenyewe asubuhi."

Faris alimtazama Winfred, kisha mlinzi, kisha ile tiketi ya Jumamosi iliyokuwa chini ya kikombe chake. Aliinua simu ya mezani, akaongea Kiarabu na mtu wa tiketi na mwingine wa vibali vya kutoka nchini, akaweka mkono juu ya kipaza sauti.

"Usiku huu," alisema. "Kwenda na kurudi. Akae nyumbani siku mbili, Jumapili awe hapa na karatasi."

Kiprono aliufunika uso tena kwa kofia, ikabidi Winfred amwambie mama: anakuja kesho, mama, yeye mwenyewe, kwa siku mbili.

Upande wa pili kuku alisikika, na mlango ukifungwa. Mama aliporudi hewani alizungumza taratibu, kama mtu anayepanga bei sokoni.

"Huyo bosi wake anasikia?"

"Anasikia, mama. Mimi nitamtafsiria."

"Mwambie mimi ni mzee, nasahau. Kwa siku mbili siwezi kukumbuka mahali niliweka hiyo karatasi. Kwa siku tano nitakumbuka."

Winfred alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza. Stacy aligeukia dirisha. Faris aliigeuza tasbihi mara mbili, akavuta kalenda iliyokuwa ukutani, akakata Jumatatu ya wanunuzi kwa kalamu nyekundu na kuiandika wiki iliyofuata.

"Sita," alisema. "Mama yangu angeomba kumi."